SOMO LA BIASHARA YA DUNIA KWA KARATASI, MKASI NA MAHARAGE



Kila mara tunapodai nyongeza ya mshahara jibu ni lile lile: "Bei ya soko la dunia imeshuka." Maneno haya yakishatamkwa, mkutano hunyamaza. Nani miongoni mwetu amewahi kuliona hilo soko la dunia? Nani anajua liko wapi, hufunguliwa siku gani, na nani hupanga bei humo? Mtu asiyejua jibu hawezi kujibu, na asiyeweza kujibu hurudi shambani na kapu lake mgongoni.

Kwa sababu hiyo, sisi wa kamati ya elimu tumeona tuandike somo hili. Halihitaji kitabu cha bei kubwa. Linahitaji karatasi za daftari kuukuu, mikasi miwili mitatu, bilauri moja na kilo moja ya maharage. Tulilifanya hapa Mahoko, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda. Walikuja wachumaji wa chai, vijana wa kiwandani, wapakiaji wa magari, na wanafunzi kadhaa wa sekondari wanaosoma uchumi. Jumla tulikuwa watu 30. Wanafunzi walikuja kwa kuwa mtaala ulioanza kutumika nchini Rwanda mwaka 2016 unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, si kwa kunakili ubaoni tu. Nasi tulitaka wazazi na watoto wajifunze jambo moja kwa pamoja.

Mchezo wenyewe haukubuniwa na sisi. Shirika la misaada la Christian Aid la Uingereza lilieneza katika shule mchezo wa biashara wa aina hii, wa karatasi na mikasi. Sisi tumeubadili kidogo ili ulingane na maisha yetu.

1. VIFAA NA KANUNI

Gawanyeni watu katika makundi sita ya watu watano watano. Kila kundi ni nchi. Maharage ndiyo fedha. Meza moja iwe benki na soko, na mtu mmoja mwaminifu akae hapo.

Makundi mawili ya kwanza yapewe mikasi, rula, penseli, bilauri ya kuchorea duara, karatasi mbili tu na maharage 20 kila moja. Hizi ni nchi zenye viwanda.

Makundi mawili yanayofuata yapewe mkasi mmoja, karatasi sita na maharage 10. Hawana rula wala bilauri.

Makundi mawili ya mwisho yapewe karatasi 20 kila moja na maharage manne. Hawana kifaa chochote. Hizi ni nchi za mali ghafi, kama zetu.

Benki hununua maumbo yaliyokatwa vizuri: duara kwa maharage 8, mstatili kwa 5, pembetatu kwa 3. Karatasi tupu benki hainunui. Umbo lililokatwa ovyo hurudishwa. Kila baada ya dakika 10 kila kundi lilipe benki maharage mawili, ndiyo chakula cha wananchi wake. Kundi lisiloweza kulipa hutoka mchezoni. Mtu yeyote anaweza kuuza, kununua, kukodisha au kuungana na mwingine, ila hakuna kunyang'anya. Mchezo ni wa dakika 40.

Msimamizi asieleze zaidi ya hayo. Atakapoulizwa, "Sasa sisi tusio na mkasi tufanye nini?" ajibu, "Fanyeni biashara." Katika dunia ya kweli pia hilo ndilo jibu tunalopewa.

2. MCHEZO WA KWANZA: YALIYOTOKEA

Dakika tano za mwanzo, makundi yenye karatasi nyingi yalifurahi. Mzee mmoja alizipeperusha karatasi zake na kusema, "Leo sisi ndio matajiri!" Kisha wakatazamana. Walikuwa na mali, lakini mali hiyo haikuwa na kazi mikononi mwao.

Wakatuma mjumbe kwenda kwa wenye mikasi. Alitaka maharage matano kwa karatasi moja. Wenye mikasi walimwambia wangojee kwanza, maana bado wana karatasi zao mbili. Mjumbe wa kundi la pili akasikia, akaja mbio, akasema yeye atauza kwa mawili. Yule wa kwanza akashuka hadi moja. Ndipo biashara ikafanyika: karatasi moja kwa punje moja ya harage.

Sasa tazameni hesabu. Karatasi moja ya daftari ilitoa duara nne. Kila duara ni maharage 8, kwa hiyo karatasi moja ilizaa maharage 32. Mwenye karatasi alipata 1, na mwenye mkasi akabaki na 31.

Kundi moja la karatasi lilifanya jambo la akili: lilikodi mkasi kwa sharti la kutoa nusu ya maumbo yote. Lakini duara zao za kwanza zilirudishwa na benki kwa kuwa hazikuwa za mviringo kamili, maana hawakukodi bilauri. Walipojifunza kukata vizuri, muda ulikuwa umekwisha kwa kiasi kikubwa. Na duara zilipokuwa nyingi mezani, benki ilishusha bei kutoka 8 hadi 4.

Tulipohesabu mwishoni, nchi za mikasi zilikuwa na maharage 163 na 148. Nchi za kati zilikuwa na 41 na 37. Nchi za karatasi zilikuwa na 5 na 3, na bado zilikuwa na karatasi 11 na 13 mkononi zisizo na mnunuzi.

Msichana mmoja wa kidato cha tano aliinuka akasema, "Lakini hakuna aliyetuibia." Ni kweli, na hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza. Kila mauzo yalikuwa ya hiari, kila mtu alifuata kanuni, na bado matokeo yakawa hayo.

3. KWA NINI NCHI HUFANYA BIASHARA

Tusikimbilie kusema kwamba biashara ni mbaya. Mwaka 1817 mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, David Ricardo, alitoa mfano ambao hadi leo wanafunzi wanaukuta katika vitabu vyao. Alisema, tuchukulie kwamba Ureno inahitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo na watu 90 kutengeneza kiasi fulani cha nguo. Uingereza inahitaji watu 120 kwa mvinyo huo huo na 100 kwa nguo hizo hizo.

Ureno ni hodari katika yote mawili. Hata hivyo, ikitengeneza mvinyo peke yake, mara mbili, itatumia watu 160 badala ya 170. Uingereza ikitengeneza nguo peke yake, mara mbili, itatumia watu 200 badala ya 220. Wakibadilishana, kila mmoja ana mvinyo na nguo kama zamani, na kila mmoja ameokoa jasho.

Hesabu hii ni ya kweli. Mama anayelima viazi hapa Kanama na fundi cherehani wa sokoni Mahoko wanaishi kwa hesabu hiyo hiyo. Hakuna anayetaka kila mmoja alime na kushona. Lakini Ricardo anatuonyesha kwamba kuna faida ya kugawana. Hatuambii kila upande utapata kiasi gani cha faida hiyo. Hilo huamuliwa na bei, na bei huamuliwa na nguvu ya kila upande siku ile ya kupatana.

Mwalimu Julius Nyerere alieleza jambo hili huko London mwaka 1975 kwa mfano ambao mkulima yeyote anauelewa. Mwaka 1965 Tanzania iliweza kununua trekta moja kwa kuuza tani 17.25 za mkonge. Mwaka 1972 trekta la aina ile ile lilihitaji tani 42. Mkata mkonge wa Tanga hakuwa amepunguza juhudi. Mkonge ulikuwa ule ule, trekta lile lile, ila jasho lililodaiwa lilikuwa limezidi mara mbili. Wataalamu Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer walikwisha kuandika mwaka 1950 kwamba bei za mali ghafi zina mwelekeo wa kubaki nyuma ya bei za bidhaa za viwandani. Mwaka 1964, Umoja wa Mataifa ulipounda shirika lake la biashara na maendeleo, UNCTAD, Prebisch ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza.

4. SOKO LETU LA DUNIA LIKO MOMBASA

Sasa turudi kwenye chai. Majani mabichi tunayochuma katika bonde la Pfunda hayana budi kufika kiwandani siku ile ile, la sivyo huharibika. Kiasi cha kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Huko kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa na mashine, huachwa yabadilike rangi, hukaushwa kwa moto na kuchekechwa kwa madaraja.

Kisha sehemu kubwa ya chai ya Rwanda hupakiwa kwenye malori kwenda Mombasa. Kutoka Kigali peke yake ni zaidi ya kilomita 1,600. Huko ndiko kwenye mnada wa chai wa Afrika Mashariki, ulioanza Nairobi katika miaka ya 1950 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi na nchi nyingine huuzwa hapo pia. Waonjaji huionja, madalali huitangaza, na wanunuzi hushindana kwa dola za Marekani. Wanunuzi wakubwa huipeleka Pakistani, Misri, Uingereza na kwingineko, ambako huchanganywa na kufungwa katika pakiti zenye majina tunayoyaona madukani.

Basi soko la dunia ni chumba chenye watu, na sasa ni mnada unaofanywa kwa kompyuta. Lina wiki yake, lina bei zake zinazoandikwa, na bei hizo zinaweza kusomwa. Chai ya Rwanda mara nyingi hupata bei ya juu kuliko wastani wa mnada huo, kwa sababu ya udongo na baridi ya milima hii, na kwa sababu ya mikono inayochuma majani mawili na kichipukizi badala ya kukwanyua ovyo. Mikono hiyo ni yetu.

Jambo jingine la kukumbuka ni sarafu. Tuseme kilo ya chai imeuzwa dola 3, na dola moja ni faranga 1,000. Kiwanda kimepata faranga 3,000. Mwaka mwingine bei imeshuka hadi dola 2.70, lakini dola sasa ni faranga 1,300. Kiwanda kimepata faranga 3,510. Bei ya soko la dunia imeshuka kweli, na faranga zilizoingia zimeongezeka kweli. Aliyekuambia bei imeshuka hakusema uongo. Amesema nusu ya habari. Nasi pia tusiseme nusu: mbolea na mafuta ya malori navyo hununuliwa kwa dola, na gharama hizo hupanda dola ikipanda. Ndiyo maana tunataka hesabu nzima iwekwe mezani.

5. MCHEZO WA PILI: TUUNGANE TUSIUZE

Baada ya chakula tulicheza tena. Safari hii makundi mawili ya karatasi yalikutana kwanza pembeni na kuapa: hakuna kuuza karatasi chini ya maharage 6. Tulidhani tumepata dawa.

Wenye mikasi walicheka, wakakaa. Walikuwa na maharage 20 kila kundi. Chakula chao kilikuwa mawili kwa kila dakika 10. Wangeweza kungoja mchezo mzima. Wenye karatasi walikuwa na manne. Dakika ya 10 wakalipa mawili. Dakika ya 20 wakalipa mawili, wakabaki mikono mitupu. Dakika ya 23 kijana mmoja wa kundi la kwanza alionekana akizunguka nyuma ya ukuta. Alikuwa ameuza karatasi nne kwa maharage mawili mawili. Kundi la pili lilipogundua, liliuza kwa moja moja. Palizuka ugomvi, na watu wazima karibu washikane mashati kwa ajili ya punje za maharage.

Tukawaacha wapumue, kisha tukauliza: kosa lilikuwa wapi? Wengi walisema, "Usaliti." Mama mmoja mchumaji, ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi, alisema hivi: "Yule kijana si msaliti. Alikuwa na njaa. Kosa letu ni kwamba tuligoma bila akiba."

Tulicheza mara ya tatu kwa ushauri wake. Kila kundi la karatasi liliuza kwanza karatasi tatu kwa bei mbaya ya punje moja moja. Maharage yote wakayaweka katika kofia moja: 8 ya kuanzia na 6 ya mauzo, jumla 14. Kwa chakula cha makundi mawili, yaani maharage manne kila dakika 10, kofia hiyo iliwafikisha hadi baada ya dakika ya 30. Dakika ya 25 wenye mikasi walikuwa wamekaa bila kazi. Wakaanza wao kuja. Bei ikafungwa kwenye maharage manne kwa karatasi. Si 6, lakini si 1.

Hili ndilo somo kuu la siku ile, nasi tunaomba kila tawi liliandike ukutani: ANAYEWEZA KUNGOJA NDIYE ANAYEPANGA BEI.

Dunia imetupa mifano yake. Tangu mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mkataba wa kimataifa wa kugawana kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Julai 1989 mpango huo wa mgawo ulivunjika, na katika miezi michache bei ya kahawa duniani ilianguka karibu nusu. Hapa Rwanda bei aliyolipwa mkulima ilishushwa kutoka faranga 125 kwa kilo hadi 100 mwaka 1990. Wako wazee wanaokumbuka miti ya mibuni iking'olewa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa jirani zetu. Julai 2021 shirika la chai la wakulima wadogo wa Kenya, KTDA, liliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Nia ilikuwa njema. Lakini wanunuzi waliweza kungoja na kununua chai nyingine, na mamilioni ya kilo yalilundikana maghalani. Mwaka 2024 bei hiyo ya chini iliondolewa. Kuungana ni jambo la lazima, lakini kuungana bila ghala, bila akiba, na huku jirani akiuza, ni kama kofia yetu kabla ya yule mama kusema.

6. MCHEZO WA NNE: NANI YUMO NDANI YA NCHI?

Hadi hapo kila kundi lilikuwa kama mtu mmoja. Lakini nchi si mtu mmoja. Basi tukabadili kanuni. Katika kundi la mikasi mtu mmoja akawa meneja na wanne wakawa wafanyakazi, wakilipwa punje moja kwa kila duara mbili. Meneja tuliyemchagua alikuwa mjumbe wa kamati yetu wenyewe, mtu hodari wa kutetea haki mikutanoni.

Bei ya duara ilipokuwa 8, karatasi moja ilimletea maharage 32. Alitoa 1 kwa karatasi, 2 kwa wafanyakazi, akabaki na 29. Benki iliposhusha duara hadi 4, karatasi moja ilileta 16. Jambo la kwanza alilofanya mjumbe wetu ni kutangaza, "Ndugu zangu, soko limeshuka," na kupunguza malipo hadi punje moja kwa duara nne. Sasa alitoa 1 kwa karatasi, 1 kwa wafanyakazi, akabaki na 14. Waliokata walikubali, kwa kuwa walisikia kweli benki ikitangaza bei mpya.

Kisha benki ikapandisha duara hadi 8 tena. Tukangoja. Dakika tano, dakika kumi. Meneja hakusema neno, na wafanyakazi hawakuuliza neno. Mchezo ulipokwisha malipo yalikuwa bado punje moja kwa duara nne, na kila karatasi ilikuwa ikimwachia meneja maharage 30, zaidi ya mwanzo.

Tulipoyasoma matokeo kwa sauti, watu walicheka sana, na mjumbe wetu alijishika kichwa. Alisema kwa uaminifu kwamba hakukusudia ubaya; alipokaa kwenye kiti kile tu, macho yake yaliona maharage, si mikono. Lakini mvulana mmoja mwanafunzi hakucheka. Baba yake ni mchumaji. Aliuliza, "Mbona bei ikishuka habari hutufikia siku ile ile, na ikipanda habari hupotea njiani?"

Hatukuwa na jibu la kumpa mtoto huyu isipokuwa hili: habari ya kushuka ina mtu wa kuileta, na habari ya kupanda lazima tuifuate wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

7. VIKARATASI VYA MATUKIO

Mkitaka kuendeleza mchezo, andikeni matukio kwenye vikaratasi na kuvitoa kimoja kimoja. Hivi ni vitatu tulivyotumia, vyote vya kweli.

Mpaka umefungwa. Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa, ukafunguliwa tena Januari 31, 2022. Katika mchezo, kundi moja haliruhusiwi kufanya biashara na jirani yake kwa dakika 10. Nani anaumia kwanza? Kwetu sisi aliyeumia kwanza ni mwenye karatasi, maana mwenye mikasi alikuwa na njia nyingine.

Mafuriko. Usiku wa Mei 2 kuamkia Mei 3, 2023, mvua ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Mto Sebeya ulibomoa nyumba hapa hapa kwetu. Katika mchezo, kundi moja hupoteza nusu ya karatasi zake. Tulipokitoa kikaratasi hiki watu walinyamaza, maana si mchezo kwao. Tunashauri mkiwa mahali kama Mahoko mwulize kwanza kama watu wako tayari.

Mitumba. Hapa Rwanda nguo za mitumba huitwa caguwa, yaani lile neno letu "chagua". Mwaka 2016, katika azma ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kukuza viwanda vya nguo, Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Marekani ilipinga. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Katika mchezo, kundi la karatasi linajaribu kutengeneza mkasi wake, na kundi la mikasi linasema halitanunua tena kwake. Jadilini: je, kundi lishikilie au lirudi nyuma? Mkumbuke kwamba ndani ya kundi hilo yumo mshonaji wa kiwandani anayepata kazi, na yumo mama muuza caguwa anayeipoteza, na wote wawili wana watoto shuleni.

8. MAPUNGUFU YA MCHEZO

Hatutaki kuwadanganya. Mchezo si dunia. Karatasi hailowi mvua wala haiozi kama majani mabichi. Makundi ya mchezo huanza upya kila mara, na nchi hazianzi upya. Tena zipo nchi zilizoanza bila mikasi zikaipata: Korea Kusini ilikuwa maskini mno katika miaka ya 1950, na leo inauza meli na magari. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutoka katika somo hili akisema mambo yamekwisha kuandikwa. Yameandikwa na watu, na watu huyabadili, kwa elimu, kwa akiba na kwa kupanga pamoja.

9. MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

(a) Katika mchezo wa kwanza hakuna aliyevunja kanuni. Je, kanuni zenyewe zilikuwa za haki? Nani alizitunga?

(b) Tawi lenu lina akiba ya kuwafikisha wanachama siku ngapi bila mshahara? Hesabuni kwa faranga, msikisie.

(c) Mkiambiwa bei imeshuka, ulizeni mambo manne: Ni bei ya mnada upi na wiki gani? Ilikuwa dola ngapi, na dola hiyo ilibadilishwa kwa faranga ngapi? Gharama zipi zimepanda, na kwa kiasi gani? Na bei ilipopanda mara ya mwisho, malipo ya kilo yalipanda kwa kiasi gani?

(d) Katika tawi lenu, nani mwenye kazi ya kuandika bei za mnada kila wiki? Kama hayupo, mchagueni leo. Mtoto wa sekondari anayesoma uchumi anaweza kumsaidia. Kwake ni zoezi la shule, kwetu ni silaha ya majadiliano.

Sisi tumekwisha kuanza. Lile daftari lililobaki siku ya mchezo, ambalo kurasa zake hazikukatwa, sasa limechorwa mistari: tarehe, dola, faranga, malipo ya kilo. Anayeliandika ni yule mvulana aliyeuliza swali, na baba yake hulisoma kwa sauti kila tunapokutana.

Umoja, akiba na elimu.